Sikio Limesikia, Mkono Haukusubiri

Kikao cha nidhamu kina swali moja ambalo halikosekani. Mwalimu wa darasa analiuliza, mzazi analirudia kwa sauti ya juu kidogo, na mkuu wa shule akiingia analiuliza upya kana kwamba wenzake hawakulitamka vizuri. "Kwa nini ulifanya vile?" Kijana ameinamisha kichwa, anazungusha kifungo cha shati lake hadi uzi unaanza kulegea. Anajibu, "Sijui." Hapo chumba kinachafuka. Masikioni mwa wakubwa, "sijui" ni dharau tupu. Mtoto ana miaka 14, kanuni anazo kichwani, ameonywa mara tatu, na juzi tu aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu haohao. Hajui vipi?

Mimi nadhani, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, hilo ndilo jibu la kweli kuliko yote yanayosemwa chumbani humo siku ile. Kwa kijana mwenye tatizo la umakini na utundu uliopitiliza, lile ambalo wengi sasa wanalijua kwa herufi ADHD, kati ya kujua na kutenda kuna kivuko, na kibovu ni kivuko hicho. Sisi tunaendelea kukarabati upande wa kujua. Tunaeleza, tunaonya, tunabandika kanuni ukutani. Yeye anaitikia kila neno, tena kwa dhati, halafu kesho yake yanatokea yaleyale.

Tuna methali ya kumhukumia mtoto wa aina hii: sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali nzuri, ila hapa imekosea mgonjwa. Sikio lake ni zima na limesikia. Mkono ndio ambao haukusubiri.

Kinachofanya kazi kwenye kivuko hicho wanasaikolojia wanakiita, kwa jina la jumla, kazi za usimamizi za ubongo. Jina hilo linamfanya mtu afikirie ofisi yenye bosi mmoja, na hapo ndipo linapopotosha. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake waliwapima wanafunzi 137 wa chuo kikuu kwa majaribio ya namna nyingi, wakakuta kwamba usimamizi huo una walau sehemu tatu zinazotofautiana ingawa zinashikana mikono: kujizuia, kushika mambo kichwani na kuyabadilisha kadiri kazi inavyokwenda, na kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kukwama. Wengine wanaongeza kupanga, na kuhisi muda unavyopita. Mtu anaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika nyingine. Ndiyo maana mzazi anakuambia, kwa mshangao wa kweli, kwamba mwanawe anaweza kukaa saa tatu na mchezo wa kompyuta lakini hawezi kukaa dakika kumi na kitabu. Mchezo ule unamfanyia usimamizi: unamkumbusha, unampa alama papo hapo, unamwambia hatua inayofuata. Kitabu kinataka yote hayo ayatoe yeye.

Ukitaka kuuona udhaifu huu kwa macho, fungua begi la kijana huyo. Chini kabisa, chini ya sweta na kiatu kimoja cha michezo, kuna karatasi iliyokunjamana kama kitambaa cha kufutia ubao. Inyooshe. Ni kazi ya hesabu ya wiki iliyopita, na imefanywa yote, majibu mengi yakiwa sahihi. Haikukusanywa. Kwenye daftari la mwalimu pana sifuri, na pembeni neno "mvivu". Lakini mvivu asingeifanya! Kazi ile ilihitaji akili na akili ilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kidogo kinachokuja baada ya akili: kukumbuka asubuhi, katikati ya kelele za darasa linaloingia, kwamba ndani ya begi kuna karatasi inayotakiwa kufika mezani pale mbele, sasa hivi. Nimewahi kusikia mzazi akisema angefurahi zaidi kama mwanawe angekuwa hakuifanya kabisa, maana hapo angalau angejua amkasirikie kwa lipi.

Upande wa kujizuia una jaribio lake maarufu, lililowekewa msingi na Gordon Logan na William Cowan mwaka 1984. Unakaa mbele ya skrini. Mshale ukielekea kushoto unabonyeza kushoto, ukielekea kulia unabonyeza kulia, upesi iwezekanavyo. Mara mojamoja, baada ya mshale kutokea, unasikia mlio, na mlio maana yake ni usibonyeze. Ugumu uko katika wakati: mlio unakuja mkono ukiwa tayari umeshaanza safari. Kinachopimwa ni muda gani unahitaji kuurudisha. Mtu mzima wa kawaida anahitaji takriban robo ya sekunde. Watoto na vijana wenye ADHD, kwa wastani, wanahitaji zaidi, na hilo zaidi lenyewe ni chembe ya sekunde tu. Ukiliona kwenye jedwali unaweza kucheka. Lipeleke sasa kwenye ukumbi wa shule wakati wa mapumziko, bega likagonga bega, mtu akacheka nyuma. Kati ya ngumi iliyorushwa na ngumi iliyobaki mfukoni hapana nafasi kubwa kuliko hiyo chembe.

Kuwatenganisha watoto hawa na hukumu ya maadili kumechukua muda mrefu. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari jijini London, akieleza watoto wenye akili ya kawaida ambao hawawezi kujidhibiti, na akaiita hali hiyo kasoro ya udhibiti wa kimaadili. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa wakati wake, kwa sababu aliona kuna jambo la kimwili nyuma yake na si malezi mabaya tu. Lakini neno "maadili" liling'ang'ania, na ndani ya kapu hilohilo wakakaa pamoja mtoto anayesahau, mtoto anayeruka meza na mtoto anayewatesa wenzake. Nitarudi kwenye kapu hilo, kwa sababu hadi leo hatujalipakua vizuri.

Mwaka 1997 mwanasaikolojia Russell Barkley aliandika nadharia iliyogeuza mazungumzo. Kwake, kiini cha ADHD ni udhaifu wa kujizuia, na umakini unaopotea ni tokeo lake. Asiyeweza kusitisha tendo la kwanza hapati ule mwanya ambamo mtu hujisemesha, hukumbuka yaliyompata mara ya mwisho, hupima kesho dhidi ya leo. Barkley amekuwa akisisitiza tangu hapo kwamba hili ni tatizo la kutenda unachokijua, na kwamba kumfundisha mtu upya kile anachokijua tayari ni kupoteza nguvu. Miaka 10 baadaye Philip Shaw na wenzake walilinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Unene wa gamba la ubongo ulifikia kilele, katika nusu ya maeneo waliyopima, kwenye umri wa takriban miaka 10.5 kwa wale wenye ADHD, dhidi ya miaka 7.5 kwa wenzao. Ucheleweshaji mkubwa zaidi ulikuwa sehemu ya mbele, ile inayohusika na kujizuia na kupanga. Ramani ya ukuaji ilikuwa ileile, ila ratiba ilichelewa.

Baada ya hapo imekuwa desturi kwenye semina kusema kwamba kijana wa miaka 14 mwenye ADHD ana ubongo wa mtoto wa miaka 11. Ni sentensi tamu na inamtuliza mzazi, lakini utafiti ule haukusema hivyo. Ulipima unene wa gamba la ubongo, haukupima ukomavu wote wa mtu. Na hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaodhani kwamba ukishalitaja neno "ubongo" mjadala umefungwa.

Vipimo vyenyewe vinakataa kufunga mjadala. Mwaka 2005 Erik Willcutt na wenzake walikusanya tafiti 83 zenye washiriki zaidi ya 6,700. Makundi yenye ADHD yalikuwa dhaifu katika karibu kila kipimo cha usimamizi, hasa kujizuia, kushika mambo kichwani na kupanga, lakini tofauti ilikuwa ya kadiri, si kubwa. Mwaka huohuo Joel Nigg na wenzake walionyesha kwamba ukichukua kipimo kimoja kimoja, karibu nusu ya watoto wenye ADHD, au zaidi, wanakipita kama watoto wengine. Mwaka 2013 Maggie Toplak na wenzake waliangalia tafiti zilizopima watu kwa njia mbili: majaribio ya maabara, na madodoso wanayojaza wazazi na walimu kuhusu maisha ya kila siku. Uwiano wa kati baina ya njia hizo mbili ulikuwa 0.19, pale ambapo 1 ni kulingana kabisa. Kwa maneno mengine, vipimo viwili vinavyobeba jina moja karibu havijuani.

Wapo wanaolisoma hilo kama ushahidi kwamba tatizo halipo. Mimi naona limefichua kitu kingine. Hebu tazama chumba cha kupimia kilivyo. Kimya. Meza haina kitu. Mtu mzima mmoja, mwenye subira, amekaa mbele ya mtoto mmoja. Anamwambia lini aanze, anamwambia afanye nini, anamwambia lini aache, na akiona macho yanakwenda dirishani anaita jina lake kwa upole. Yaani kile hasa tunachotaka kukipima, mpimaji amekileta chumbani na kukiweka mezani. Mtoto anafanya kazi kwa usimamizi wa kuazima. Anatoka na ripoti safi, anarudi darasani kwa wenzake 40, na mkopo umekwisha. Mzazi anaambiwa, "Hana tatizo, akitaka anaweza." Sentensi hiyo imevunja nyumba nyingi kuliko ripoti mbaya.

(Wasichana, niseme kwa kupita, wanaumia hapa mara mbili. Wengi wao hawaruki meza. Wanapotea kimyakimya dirishani, hawamsumbui mtu, na hakuna anayewapeleka kupimwa hata huko kwenye chumba kimya.)

Sasa kapu la George Still. Tatizo la mwenendo, kama linavyoelezwa katika DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, linahitaji walau dalili 3 kati ya 15 ndani ya miezi 12: kupigana, kutesa watu au wanyama, kuiba, kuchoma mali, kutoroka nyumbani na mengine ya namna hiyo. Mwongozo unatofautisha yaliyoanza kabla ya miaka 10 na yaliyoanza baadaye. Vijana wengi wana yote mawili, ADHD na tatizo la mwenendo, na hao ndio wanaokutwa kwenye vikao vya nidhamu mara kwa mara. Kwa sababu hiyo ilidhaniwa kwa miaka mingi kwamba udhaifu wa usimamizi wa ubongo ndio mama wa yote mawili.

Bruce Pennington na Sally Ozonoff walipopitia tafiti za wakati wao mwaka 1996, walikuta picha tofauti. Udhaifu wa usimamizi ulionekana mara kwa mara kwa wenye ADHD. Kwa wenye tatizo la mwenendo peke yake, bila ADHD, ulififia sana. Mengi yaliyokuwa yakihesabiwa kama alama ya ukaidi yalikuwa ya ADHD iliyopanda gari moja nao. Hili lisingetushangaza kama tungefikiri kidogo. Kijana anayeiba kwa mpango, akasubiri siku tatu hadi mlinzi wa zamu abadilike, akakumbuka ni mlango upi haufungi vizuri, akauzuia mdomo wake usijisifu kwa marafiki, huyo ana usimamizi mzuri sana. Kupanga anako, subira anayo, kumbukumbu anayo. Ukimwambia mama yake kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa mwanawe imechelewa kukua, unampa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Kwa huyo tatizo liko kwingine. Katya Rubia, katika mapitio yake ya mwaka 2011, alitumia tofauti ambayo watafiti wa ukuaji wa watoto walikuwa wameshaizoea: usimamizi wa baridi na usimamizi wa moto. Wa baridi ni ule wa mishale na milio, wa kushika namba kichwani, ambako hakuna kinachouma wala kinachofurahisha. Wa moto unaingia pale penye tuzo, hasara, hofu na aibu. ADHD, kwa maelezo yake, inaelemea mitandao ya baridi, na tatizo la mwenendo linaelemea ya moto, ile inayoipa thamani tuzo na kuifanya adhabu ihisike.

Kuna mchezo wa karata unaolionyesha hilo vizuri. Joseph Newman na wenzake waliutumia mwaka 1987 kwa wafungwa, na baadaye namna zake zikatumiwa kwa watoto. Karata ni 100. Katika 10 za kwanza, 9 zinashinda. Katika 10 zinazofuata zinashinda 8, kisha 7, na kuendelea hivyo hadi 10 za mwisho ambazo zote zinashindwa. Mchezaji anaruhusiwa kuacha wakati wowote na kuondoka na alichonacho. Watu wengi hufika katikati, wakahisi upepo umegeuka, wakaacha. Watoto wenye matatizo makubwa ya mwenendo wana mwelekeo wa kuendelea kufunua. Hawakusahau kanuni, wala mkono haukuwatangulia. Wanaziona hasara zikija, moja baada ya nyingine, na hasara zile haziwabadilishi. Ushindi wa mwanzo bado unawaita.

Mtu akishauona mchezo huu hawezi tena kusema kwa wepesi, "Tuongeze adhabu, ya kwanza ilikuwa ndogo."

Na bado kuna kundi la tatu, ambalo huenda ndilo kubwa. Mwaka 1993 Terrie Moffitt aliwatofautisha vijana wanaoanza vurugu utotoni na kuendelea nazo maishani, ambao ni wachache, na wale ambao vurugu zao zinaanza na kuisha na ujana. Wa kwanza mara nyingi wana udhaifu wa neva tangu mapema uliokutana na mazingira magumu. Hao wa pili, ambao ndio kundi langu la tatu, wana ujana tu, na marafiki. Nguvu ya marafiki imepimwa: mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwaweka watu wa rika tatu kwenye mchezo wa kuendesha gari, wengine peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Wakiwa na wenzao, wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi. Kwa watu wazima, kutazamwa hakukuwa na athari ya maana. Kanuni walizijua vilevile, wawe peke yao au na watu.

Kwa hiyo mbele ya meza ya nidhamu wanaweza kusimama vijana watatu kwa kosa lile lile la kupigana. Wa kwanza mkono ulimtangulia. Wa pili aliona faida na hakuihisi hasara. Wa tatu alikuwa na watazamaji. Wote watatu wanapewa siku 10 za kukaa nyumbani.

Siku 10 za nyumbani kwa kijana mwenye ADHD ni kitu cha ajabu ukizifikiria. Edmund Sonuga-Barke amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba, pamoja na udhaifu wa kujizuia, wengi wa watoto hawa wanauchukia muda wa kungoja wenyewe. Kungoja kunawaumiza, na watafanya lolote ili wasingoje. Shule kwao ni kungoja kwa siku nzima. Tunamwondolea kungoja kwa siku 10, tunaita adhabu. Ikiwa adhabu ni ya kweli kweli, mathalani kunyimwa safari ya mwisho wa muhula, basi iko mbali kiasi kwamba haina uzito wowote dakika ile bega linapogongwa. Ili adhabu ya mbali imzuie mtu leo, lazima mtu huyo awe na uwezo wa kuivuta kesho iwe karibu. Ndio uwezo uleule asionao. Tumetengeneza mfumo mzima wa kurekebisha ambao unamfaa tu yule asiyeuhitaji.

Kwa kundi la pili na la tatu tuna kosa letu jingine: kuwakusanya pamoja. Kambi za nidhamu, madarasa maalumu ya wakorofi, vikundi vya ushauri ambamo kila aliyemo ameshindikana kwingine. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walieleza programu mbili za nia njema kabisa ambamo vijana waliowekwa pamoja walitoka wakiwa na mwenendo mbaya zaidi kuliko wenzao walioachwa bila programu. Mazungumzo ya vijana na marafiki zao, yalipotazamwa kwa karibu, yalidokeza kwa nini. Mmoja akisimulia uvunjaji wa sheria, wengine wanacheka. Kicheko kile ni tuzo, na kinakuja papo hapo, bila kungoja muhula uishe. Hakuna mshauri anayelipa kwa kasi hiyo.

Kinachosaidia hakina mvuto wa kuandikwa kwenye bango. Kwa wale wa mkono unaotangulia, msaada unatakiwa ukae pale kosa linapotokea, si ofisini siku tatu baadaye. Sanduku la kazi za nyumbani liwe mlangoni, limkabili usoni anapoingia. Maelekezo yawe moja moja, kwa sababu la tatu litakuwa limedondoka kabla hajaanza la kwanza. Saa ya kuhesabu dakika iwe mezani mwake, kwa sababu ile ya kichwani haisomeki. Tuzo ndogo leo, tena leo asubuhi. Michezo ya kompyuta ya kunoa kumbukumbu inauzwa kwa ahadi kubwa, lakini Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walipozijumlisha tafiti mwaka 2013 walikuta kwamba anayefanya mazoezi hayo anakuwa hodari wa mazoezi hayo, na faida haihamii kwenye hesabu wala kusoma. Begi linabaki vilevile.

Dawa zina nafasi yake, pasipo kuabudiwa. Nchini Uswidi, Paul Lichtenstein na wenzake walifuatilia watu 25,656 wenye ADHD, wakamlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, vipindi alivyokuwa kwenye dawa na vipindi alivyoacha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba vipindi vya dawa viliambatana na kupungua kwa uhalifu kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Ni namba kubwa. Hazisemi kwamba dawa inafundisha huruma au inampa mtu marafiki wengine. Zinaashiria kwamba sehemu ya tuliyokuwa tukiyaita uovu ilikuwa breki mbovu.

Najua pingamizi linalokuja, na nalichukulia kwa uzito: mnawapa visingizio. Wapo vijana waliojifunza kusema "nina ADHD" kwa wepesi uleule wanaosema "nilikuwa chooni". Wapo wazazi wanaolishika jina la ugonjwa kama mwavuli. Na kuna mtoto mwingine kabisa ambaye makala kama hii humsahau: aliyepigwa. Yeye chembe ya sekunde haimhusu. Pua yake imevunjika, na ana haki ya kuona kwamba shule imelichukulia jambo hilo kwa uzito.

Sisemi asiwajibishwe. Nasema uwajibikaji wetu uko mbali mno na tendo, mbali kiasi kwamba hauwajibishi. Kumfanya kijana siku ileile akae na aliyemuumiza, akafute damu, akalipe kwa kazi ya mikono inayoanza leo na kuisha leo, kunamgusa kuliko barua yenye mhuri. Ni kazi ngumu zaidi kwetu wakubwa, ndiyo maana tunapendelea barua.

Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hii, nikiwa mgeni asiye na usemi. Swali la "kwa nini" lilikuwa limezunguka meza mara nne na "sijui" imelipokea mara nne. Kifungo cha shati kilikuwa kimekatika. Mwalimu mmoja kijana, ambaye hakuwa ameongea kabisa, akauliza kitu kingine: "Kabla yake ulikuwa unafanya nini?"

Kijana aliinua kichwa. "Kabla ya kengele au baada?"

"Kabla."

Akaanza kueleza. Alikuwa anatafuta kalamu ya kijani. Alikuwa ameahidi kumrudishia mwenyewe kabla ya kipindi cha nne, na ilikuwa mara ya tatu anaipoteza. Amemwaga vitu vyote vya begi sakafuni, kengele ikalia, watu wakaanza kumruka na kukanyaga daftari zake, mmoja akazipiga teke na kusema kitu ambacho hakukisikia vizuri. Aliieleza ile dakika kwa urefu wa dakika tano, nani alisimama wapi, nani alicheka kwanza. Mkuu wa shule alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu, anatafuta mahali pa kuandika hayo. Fomu ilikuwa na nafasi ya kosa, nafasi ya adhabu, na mistari mitatu ya sahihi.